Kuuona Mshipa wa Jicho Bila ya Sindano: Historia Yake na Hukumu Zake

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, Akamjaalia masikio, macho na moyo ili apate kushukuru. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Masahaba zake na kila aliyefuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

UTANGULIZI

Kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani maimamu huulizwa maswali yanayofanana. Je, tone la dawa ya macho linabatilisha saumu? Je, mgonjwa wa kisukari aliyepangiwa siku ya kupimwa macho aende akiwa amefunga, au aahirishe mpaka baada ya Iddi? Wengi huahirisha. Iddi ikipita husahau, na baadhi yao hurudi hospitali wakati nuru ya jicho imekwisha kupotea.

Wanazuoni wetu wana kanuni mashuhuri kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulitambua jambo lenyewe. Asiyejua kipimo kinavyofanywa hawezi kueleza hukumu yake. Kwa hiyo katika makala haya tutatanguliza historia: namna binadamu alivyofikia kuiona mishipa ya damu iliyomo ndani ya jicho lililo hai, tangu zama ambazo maradhi ya ndani ya jicho yalikuwa ghaibu kwa tabibu, mpaka leo ambapo mishipa hiyo hupigwa picha kwa mwanga tu, bila ya kisu wala sindano. Kisha tutazitazama hukumu zinazofungamana na hatua hizo, Inshaallah.

JICHO KATIKA VITABU VYA WALIOTANGULIA

Elimu ya macho iliitwa al-kihala, na bingwa wake akiitwa al-kahhal. Mjini Baghdad, Hunayn bin Is-haq, aliyefariki mwaka 260 H. (873), aliandika kitabu cha makala kumi juu ya jicho. Hunayn alikuwa Mkristo, na sehemu kubwa ya elimu hiyo aliichukua kwa Galen, tabibu wa Kigiriki. Hilo halikuwazuia Waislamu kumsoma na kunufaika naye.

Katika vitabu vya zama hizo jicho limegawanywa katika tabaka. Mojawapo ni tabaka la ndani, upande wa nyuma, lililoitwa ash-shabakiyya, yaani la wavu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 H. (1037), ameeleza katika al-Qanun kwamba limeitwa hivyo kwa kuwa linakizunguka kilichomo ndani ya jicho kama wavu unavyozunguka windo. Vitabu hivi vilipofasiriwa kwa Kilatini, tabaka hilo likapewa jina linalotokana na neno lenye maana hiyo hiyo ya wavu. Jina hilo ndilo retina tunalolisikia leo katika kliniki za macho.

Baada ya Hunayn akaja Ali bin Isa al-Kahhal, naye wa Baghdad, mwandishi wa Tadhkirat al-Kahhalin. Kitabu hiki kimegawanyika sehemu tatu. Ya kwanza ni juu ya umbo la jicho, ya pili ni juu ya maradhi yanayoonekana, na ya tatu ni juu ya maradhi yaliyofichika yasiyodirikiwa na hisia. Mgawanyo huu unastahiki kuzingatiwa. Bingwa wa macho wa zama zile alikiri wazi kuwa pana maradhi ambayo hawezi kuyaona. Akitazama mboni ya jicho aliona weusi tu, na yaliyo nyuma yake aliyakisia kwa kumuuliza mgonjwa anaona nini na haoni nini.

Katika zama hizo hizo, nchini Misri chini ya utawala wa al-Hakim (386–411 H./996–1021), Ammar bin Ali al-Mawsili alieleza katika kitabu chake al-Muntakhab namna ya kutibu mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu, inayoingizwa jichoni na kufyonza kile kilichoziba. Huo ulikuwa ustadi mkubwa. Hata hivyo, mkono wa tabibu haukuweza kuingia ndani ya jicho ila kwa kulitoboa.

IBN AL-HAYTHAM NA SUALA LA NURU

Hapo ndipo inapoonekana nafasi ya Abu Ali al-Hasan Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 354 H. (965) na kuishi Cairo. Baadhi ya wakubwa wa Kigiriki, kama vile Euclid na Ptolemy, walishikilia kuwa jicho hutoa miali ambayo hukienda kitu na kukigusa, na hivyo ndivyo kinavyoonekana. Ibn al-Haytham katika Kitab al-Manazir aliipinga kauli hiyo kwa hoja na majaribio. Miongoni mwa hoja zake ni kuwa mtu akilikodolea jua macho huumia, na maumivu hayo ni dalili kwamba kuna kinachoingia jichoni kutoka nje. Akathibitisha kuwa nuru hutoka kwenye kitu na kuliingia jicho.

Insafu inatutaka tuseme pia asilolipata. Yeye alidhani kuwa mahali pa kuhisi nuru ni ule unyevu wa barafu, yaani lenzi ya jicho. Mwaka 1604 Johannes Kepler alieleza kuwa sura ya kitu hutua kwenye retina. Elimu hupokezanwa namna hii: mmoja huweka msingi, wa pili hurekebisha, wa tatu hujenga juu yake.

FAQIHI ALIYEIANDIKIA MISHIPA YA DAMU

Mtu mwingine anayetuhusu zaidi sisi wanafunzi wa fiqhi ni Alaa ad-Din Ibn an-Nafis, aliyesoma Damascus na kufariki Cairo mwaka 687 H. (1288). Alikuwa tabibu, na wakati huo huo faqihi wa madhehebu ya Imamu Shafi'i (R.A.). As-Subki amemtaja katika Tabaqat zake miongoni mwa Mashafi'i, na inasimuliwa kuwa aliisherehesha at-Tanbih ya ash-Shirazi. Katika sherehe yake ya sehemu ya viungo ya al-Qanun, mwaka 640 H. (1242), aliikataa kauli ya Galen kwamba damu hupenya kwenye ukuta ulio baina ya pande mbili za moyo. Akaeleza kuwa hutoka upande wa kulia, ikaenda kwenye mapafu, kisha ikarudi upande wa kushoto. William Harvey wa Uingereza alikuja kueleza mzunguko wa damu mwili mzima mwaka 1628. Ibn an-Nafis aliandika vile vile kitabu cha tiba ya macho kiitwacho al-Muhadhdhab.

Katika dibaji ya sherehe yake hiyo ameeleza kuwa kilichomzuia kupasua miili kwa mkono wake ni makatazo ya sheria na huruma iliyomo katika tabia. Hapa pana jambo la kufikiri. Faqihi huyu alitaka kuijua njia ya damu, lakini aliona kuwa mwili wa mwanadamu una hishima na haupasuliwi ovyo. Haja aliyokuwa nayo, ya kuijua njia ya damu na mwili ukabaki salama, ndiyo haja ambayo vifaa vya zama zetu vimekuja kuitimiza katika jicho.

KIOO CHA HELMHOLTZ NA PICHA ZA MWANZO

Kwa nini mboni ni nyeusi na hali jicho limejaa damu na nyama? Sababu ni kuwa mwanga unaoingia jichoni hurudi kwa njia ile ile uliyoingilia. Anayetaka kuchungulia humo hana budi aweke jicho lake kwenye njia hiyo, na akifanya hivyo kichwa chake huukinga mwanga. Mjerumani Hermann von Helmholtz, alipokuwa akisomesha Königsberg, aliitatua tatizo hili. Alipanga vioo kwa namna ambayo mwanga wa taa huingia katika jicho la mgonjwa, na jicho la tabibu likauona ukirudi. Maelezo ya kifaa hicho aliyachapisha mwaka 1851. Kwa mara ya kwanza matabibu wakaanza kuiona mishipa ya damu ndani ya jicho la mtu aliye hai. Mpaka leo jicho ni mahali pa pekee mwilini ambapo mishipa ya ndani ya damu huonekana dhahiri bila ya kupasua. Ile sehemu ya tatu ya Tadhkirat al-Kahhalin, ya maradhi yaliyofichika, ikaanza kufunguka.

Mwaka 1886 W. T. Jackman na J. D. Webster, huko Uingereza, walitoa picha ya retina ya binadamu aliye hai. Mwenye kupigwa picha ilimlazimu atulie kwa muda wa kama dakika mbili na nusu. Kamera ziliendelea kuboreshwa, lakini picha ilionyesha mishipa mikubwa tu, na haikuonyesha kama damu inapita humo au imeziba.

RANGI INAYODUNGWA MKONONI

Ndipo ikaja njia ya rangi. Mwaka 1961 Harold Novotny na David Alvis, waliokuwa wanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walichapisha namna ya kuipiga picha damu ikizunguka ndani ya retina. Rangi ya manjano iitwayo fluoresini hudungwa katika mshipa wa mkono, huenda na damu mpaka jichoni, na huko hung'aa inapopigwa na mwanga wa buluu. Jarida kubwa la macho la Marekani liliikataa makala yao, wakaichapisha katika jarida la maradhi ya moyo. Baadaye njia hii ikawa ndiyo mizani ya mabingwa wa macho ulimwenguni kwa miongo mingi.

Manufaa yake yalikuja pamoja na taabu zake. Ngozi na mkojo hubadilika rangi kwa muda, baadhi ya watu hupatwa na kichefuchefu au kutapika, na kwa nadra sana mwili huikataa rangi hiyo kwa ukali unaoweza kuhatarisha maisha. Kwa mgonjwa anayefunga, hapa ndipo yalipoanza maswali ya sindano ya mshipani.

NURU PEKE YAKE

Mwaka 1991 David Huang, Eric Swanson, James Fujimoto na wenzao, wengi wao wakiwa Massachusetts, Marekani, walieleza katika jarida la Science njia ya kupiga picha za tabaka kwa kutumia mwanga. Mwanga hafifu hupelekwa ndani ya jicho, na kila tabaka hurudisha sehemu yake. Kifaa huulinganisha mwanga uliorudi na mwanga mwingine uliopita njia yenye urefu unaojulikana, na kwa ulinganisho huo hujua kina cha kila tabaka. Mwaka 2023 Huang, Swanson na Fujimoto walitunukiwa tuzo ya Lasker kwa kazi hiyo.

Picha hizo za mwanzo zilionyesha tabaka za retina, lakini hazikuonyesha damu inayopita. Watafiti wa Japani mwaka 2006, na kundi la Yali Jia na Huang mwaka 2012, walichapisha njia za kuichora mishipa kwa kuutafuta mwendo. Mfano wake ni mtu anayepiga picha ya barabara moja mara kadhaa akiwa amesimama mahali pamoja. Nyumba zitabaki pale pale katika picha zote, lakini magari yatahama. Akiondoa kila kilichotulia, atabakiwa na njia ya magari. Ndivyo kifaa kinavyofanya: hupiga mahali pamoja pa retina mara kwa mara ndani ya muda mfupi mno, nyama zilizotulia hubaki vile vile, chembe za damu hubadilika mahali, na kompyuta huchora palipobadilika. Inapatikana ramani ya mishipa, hata ile midogo mno, na hakuna kilichoingia mwilini isipokuwa mwanga. Nchini Marekani vifaa hivi vilianza kuidhinishwa kwa matumizi ya hospitali mwaka 2015.

Tusivuke mpaka katika kuisifu njia hii. Haionyeshi vizuri mshipa unaovuja, damu inayokwenda polepole mno inaweza isionekane, mgonjwa akitikisika picha huharibika, na kifaa chenyewe ni cha gharama. Kwa hiyo sindano ya rangi haijaachwa kabisa, na daktari anaweza kuihitaji. Kwa uchunguzi wa kawaida wa mwenye kisukari, picha ya kamera ya retina, ambayo nayo haina sindano, inatosha mara nyingi.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa mwaka 2024 watu wazima milioni 589 duniani walikuwa na maradhi hayo. Sukari iliyozidi huiharibu mishipa midogo ya retina polepole, na hatari yake ni kuwa mwanzoni mgonjwa hahisi chochote. Anaona vizuri, anasoma msahafu wake, na huku mishipa inaziba na kuvuja. Anapokuja kulalamika, mara nyingi sehemu iliyokufa hairudi. Ndiyo maana mabingwa husema mwenye kisukari cha ukubwani apimwe macho mara anapogunduliwa, kisha kwa kawaida kila mwaka.

Matunda ya kupima yameshuhudiwa. Uingereza ilianza mpango wa taifa wa kuwapima macho wenye kisukari mwaka 2003. Takwimu za Uingereza na Wales za mwaka 2009 hadi 2010 zilipolinganishwa na za miaka kumi iliyotangulia, ilikutwa kuwa maradhi ya macho ya kisukari hayakuwa tena sababu ya kwanza ya upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi, kwa mara ya kwanza katika muda wa miaka isiyopungua 50. Hapa kwetu Afrika Mashariki, mkoani Kilimanjaro, mabingwa wa KCMC walianzisha mwaka 2010 mpango wa kuwapiga picha za macho wagonjwa wa kisukari. Milango ipo, na Waislamu wanatakiwa waiingie.

HUKUMU ZINAZOFUNGAMANA NAYO

Kwanza, tone la kupanua mboni. Asili ya suala hili ni hukumu ya wanja kwa aliyefunga. Mashafi'i na Mahanafi wamesema wanja haubatilishi saumu, hata ladha yake ikipatikana kooni, kwa kuwa jicho si tundu lililo wazi kuelekea tumboni. Imamu an-Nawawi ameliweka wazi hilo katika al-Majmu'. Malik na Ahmad (R.A.) wana kauli kuwa ukifika kooni hubatilisha. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 mjini Jeddah mwaka 1418 H. (1997), uamuzi nambari 93, liliyahesabu matone ya macho miongoni mwa yasiyofunguza, maadamu mtu anajiepusha kumeza kitakachofika kooni. Kwa hiyo mwenye kufunga hana sababu ya kulikimbia tone hilo. Na vifaa vingi vya leo hupiga picha bila ya tone lolote.

Pili, sindano ya rangi. Uamuzi huo huo umezitoa katika yanayofunguza sindano za matibabu za ngozi, za msuli na za mshipa, isipokuwa maji na sindano za lishe. Rangi hii si lishe, wala haiingii kwa tundu la kawaida la chakula. Anayetaka kutoka katika khilafu apange kipimo usiku au nje ya Ramadhani, kwa sharti daktari mwaminifu aseme kuwa kuchelewa hakuna madhara. Akitapika bila ya kukusudia, saumu yake ni sahihi, kama ilivyothibiti katika Sunna.

Tatu, picha ya mwanga peke yake. Hakuna kinachoingia mwilini chenye kiwiliwili, na mwanga wa kifaa ni kama mwanga wa taa au wa jua. Haufunguzi saumu wala hautengui udhu. Mwanamke naye hupimwa akiwa amekaa, kidevu chake kikiwa kwenye kifaa na nguo zake za stara zikiwa mahali pake. Akipatikana daktari wa kike ndio bora. Asipopatikana, haja inaruhusu kiasi chake, na kipimo hiki kinahitaji jicho tu kufunuliwa.

Nne, hukumu ya kupima kwenyewe. Baraza hilo hilo, katika kikao chake cha 7 mjini Jeddah mwaka 1412 H. (1992), uamuzi nambari 67, lilieleza kuwa asili ya kujitibu ni jambo lililowekwa na sheria, na kwamba hukumu yake hutofautiana kwa hali. Huwa wajibu pale ambapo kuacha kunapelekea kuangamia nafsi, au kimojawapo cha viungo vyake, au ulemavu. Jicho ni kiungo, na upofu ni ulemavu. Wanazuoni wa usuli wamesema kuwa kile ambacho wajibu hautimii ila kwacho, nacho ni wajibu. Maradhi haya hayajulikani ila kwa kupimwa, na tiba yake hainufaishi ila ikiwahi. Tunavyoona sisi, mwenye kisukari aliyeambiwa na daktari mwaminifu kuwa macho yake yamo hatarini, naye ana uwezo wa kupimwa, hana udhuru wa kuacha. Na kuisingizia saumu ni kuitwika ibada mzigo ambao Mwenye sheria hakuuweka.

HITIMISHO

Historia hii ina uzi mmoja. Waliotangulia waliyaandika maradhi ya ndani ya jicho kuwa ni yaliyofichika. Ammar aliingia jichoni kwa sindano, Helmholtz akachungulia kwa kioo, Novotny na Alvis wakatia rangi mshipani, na leo nuru inatosha. Mwisho wa safari hiyo mgonjwa amepunguziwa madhara, na madhara yalipopungua, maswali ya fiqhi nayo yakapungua. Nyudhuru zilizokuwepo jana zimeondoka.

Tusijidanganye kwa kusema kuwa vifaa hivi vimo katika vitabu vyetu. Havimo. Kilichomo ni mwenendo wa watu waliotafuta elimu kwa kila aliyekuwa nayo, wakapima kauli za wakubwa kwa dalili, wakauhishimu mwili wa mwanadamu. Kumrithi Ibn al-Haytham na Ibn an-Nafis ni kuufuata mwenendo huo, na kujivunia majina yao tu hakumnusuru mzee anayepofuka katika safu ya mbele ya msikiti.

Maimamu wetu tunawaomba wafanye matatu kabla ya Ramadhani kuingia: waseme kwenye mimbari kuwa kupimwa macho hakubatilishi saumu, wawahimize wenye kisukari wasingoje mpaka waone kiza, na wawakumbushe watoto kuwapeleka wazazi wao, kwani huo ni katika wema kwa wazazi. Aliyetiwa tone la kupanua mboni asiendeshe gari mpaka uoni wake urudi, basi na awe na wa kumshika mkono.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) Atustareheshe kwa masikio yetu na macho yetu muda wote wa uhai wetu, Awaponye wagonjwa wetu, na Aifanye elimu yetu kuwa yenye manufaa. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.